Mageuko ya viumbe na maana ya maisha: majibu manne, na namna ya kuchagua lako

Vidole vya mpwa wangu vilivimba akiwa na miezi tisa. Viganja vyote viwili vilijaa, ngozi ikang'aa, na ukimgusa tu alitoa kile kilio chembamba cha mtoto aliyelia mpaka sauti imekauka. Dada yangu alidhani kaumwa na mdudu. Siku ya tatu damu ilipopimwa, jibu likawa selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia hapa Mwanza. Selimundu ndio mfano ninaoutumia kila mwaka kidato cha nne wakifika mada ya mageuko ya viumbe, kwa sababu sijui mfano mwingine unaoonyesha waziwazi namna ile uteuzi asilia, yaani wanaoyaweza mazingira yao kunusurika na kuzaa zaidi, ukifanya kazi ndani ya miili yetu wenyewe. Kwa hiyo dada aliponiuliza "kwa nini", jibu nilikuwa nalo. Nilimweleza kwamba yeye na shemeji kila mmoja amebeba nakala moja ya kinasaba kilichobadilika. Nakala moja kwa kawaida haimdhuru mtu, tena humkinga mtoto asizidiwe na malaria. Nakala mbili, ya baba na ya mama, ndizo huleta ugonjwa, na kwa wazazi kama wao kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mwenye nakala zote mbili.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kwa hiyo, mdogo wangu, unaniambia mwanangu anaumwa ili watoto wa wenzangu wasife malaria?"

Nilinyamaza. Kila nilichomwambia kilikuwa kweli, na bado nilikuwa nimemwambia jambo baya.

Mpwa wangu sasa ana miaka saba. Katika miaka hiyo nimesoma nilichoweza kupata juu ya yale ambayo wanasayansi na wanafalsafa wamesema kuhusu mageuko na maana ya maisha, na nikiyapanga naona majibu yao yanaangukia mafungu manne. Nayaweka hapa bega kwa bega kwa ajili ya yeyote ambaye somo la shuleni limemfikisha mlangoni pa swali hili likamwacha hapohapo. Nitasema pia mimi nimeshika lipi, na jibu langu linavuja wapi.

Msimamo wa kukataa mageuko kabisa sikuuweka. Simdharau anayeushika, maana wengine ni watu wa nyumbani kwetu. Lakini ushahidi ninaoufundisha, kuanzia nyayo za mababu wa binadamu kule Laetoli zenye umri wa miaka milioni 3.66 hadi damu ya mpwa wangu, hauniruhusu kumshauri mtu mwingine aushike.

Swali moja lenye maswali mawili ndani

"Kwa nini" yetu ya Kiswahili hubeba mizigo miwili. Ukiuliza kwa nini ukuta umeanguka, unataka sababu: mvua, msingi mbovu. Ukimuuliza mgeni kwa nini amekuja, unataka kusudi: amekuja ili iweje. Dada aliuliza vyote viwili kwa pumzi moja. Mimi nikajibu la kwanza, yeye akasikia la pili, na ndipo akalitia lile neno "ili" ambalo mimi sikulitamka.

Hapo ndipo mageuko yanapouma. Kabla ya mwaka 1859, Charles Darwin alipochapisha kitabu chake juu ya mageuko, ilikuwa rahisi kuona "ili" kila mahali. Jicho limewekwa ili lione, bawa ili liruke, na aliyeviweka yupo. Darwin alionyesha kwamba kitu kinaweza kufanana kabisa na kilichopangwa ilhali kimepatikana kwa kuchujwa tu, kizazi baada ya kizazi. Daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, ndiye aliyeliona hili kwenye selimundu. Mwaka 1949 alikuwa Kenya akipima damu za watu, akakuta kwamba pwani karibu na Mombasa na huku kando ya Ziwa Victoria zaidi ya watu 20 katika kila 100 wanacho kinasaba hicho, ilhali kwenye nyanda za juu hawafiki hata mmoja. Ramani ya kinasaba ilikuwa ramani ya mbu. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba malaria ndiyo iliyokitunza: waliobeba nakala moja walinusurika, wakazaa, wakakirithisha.

Hakuna aliyekaa akaamua mtoto mmoja aumie ili watatu wapone. Ni "kwa sababu" ndefu ya maelfu ya miaka, isiyo na "ili" hata moja ndani yake. Je, maisha yaliyotoka kwenye mlolongo wa namna hiyo yanaweza kuwa na maana? Majibu manne yanaachana hapo.

La kwanza linasema "ili" ipo, kwa Mungu, na mageuko ndiyo njia aliyoitumia. La pili linasema haipo, tuache kuitafuta. La tatu linakubali kwamba haipo, ila linasema sisi wenyewe tunaweza kuiweka. La nne linasema haikuwepo mwanzoni, lakini mageuko yenyewe yameizaa, kwa kutufanya viumbe ambao maisha ya wengine yanatuhusu.

Yupo pia Stephen Jay Gould, mtaalamu wa visukuku (mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe) wa Marekani, aliyependekeza mwaka 1997 kwamba sayansi na dini kila moja ibaki kwenye shamba lake. Ni uzio mzuri wa kuzuia ugomvi na darasani nautumia. Ila uzio haukuambii upande nini, kwa hiyo sikuuhesabu kama jibu.

Yakifika kitandani pa mgonjwa

Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote. Jibu lolote kuhusu maana ya maisha, lisemee pale ambapo mama amemshika mtoto anayelia kwa maumivu ya mifupa saa nane za usiku, uone kama bado linasemeka.

Jibu la kwanza lina sura mbili, na watu wengi hawazitofautishi. Sura ya kwanza ni ya Asa Gray, bingwa wa mimea wa Chuo Kikuu cha Harvard, Mkristo na rafiki wa Darwin aliyemtetea sana kule Marekani. Gray alipendekeza kwamba Mungu ndiye anayeyaongoza yale mabadiliko madogo madogo, kama mkulima anavyoyaelekeza maji ya mfereji. Darwin alishindwa kumfuata. Mwaka 1860 alimwandikia Gray habari za nyigu ambao mabuu yao humla kiwavi angali hai, akasema hawezi kujishawishi kwamba Mungu mwema na mwenye uwezo wote aliwaumba makusudi wafanye hivyo. Barua ile iliandikwa na mtu aliyempoteza binti yake Annie miaka tisa nyuma, mtoto wa miaka kumi. Kila ninapoisoma siwaoni nyigu.

Kwa selimundu, sura hii ya Gray inadai kwamba Mungu ndiye aliyeibadilisha ile herufi moja kwenye maelekezo ya kutengeneza himoglobini, ile inayobeba oksijeni kwenye damu; herufi hiyo ikibadilika, chembe nyekundu ya damu inajipinda kama mundu na kukwama kwenye mishipa myembamba. Watu walikuja kumpa dada pole wakamwambia Mungu ana makusudi yake. Mama wa jirani akasema ni mtihani. Walisema kwa upendo, na najua kuna waliofarijika kweli kwa maneno hayohayo. Lakini dada alianza kujiuliza amekosa nini. Kwa wiki kadhaa alikuwa akinihesabia makosa yake ya zamani, mengine ya utotoni, mambo ambayo hata mimi nilikuwa nimeyasahau. Sura hii simshauri mzazi wa mtoto mgonjwa aishike.

Sura ya pili inasema Mungu aliumba ulimwengu wenye uwezo wa kujiendeleza, akaupa kanuni na uhuru, na hakai akimlenga mtoto huyu au yule. Theodosius Dobzhansky, mmoja wa waliojenga nadharia ya kisasa ya mageuko, alikuwa Mkristo wa Kiorthodoksi na aliuona uumbaji kuwa jambo linaloendelea, linalofanyika kwa njia ya mageuko. Papa Yohane Paulo II alisema mwaka 1996 kwamba nadharia ya mageuko ni zaidi ya dhana tu, huku akishikilia kwamba roho ya mtu hutoka kwa Mungu moja kwa moja. Wapo pia wanazuoni wa Kiislamu wanaokubali mageuko ya viumbe wengine na kumweka Adamu kando kama muujiza. Hawa wote hawafanani, lakini wanamwachia mama nafasi ya kusema: mwanangu hakulengwa. Gharama yake ni kwamba huwezi tena kusema kila tukio, moja moja, limepangwa. Kuna waumini ambao kwao hiyo ni gharama kubwa mno, na sina haki ya kuwaambia ni ndogo.

Jibu la pili nalitaja na Jacques Monod, Mfaransa aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1965 kwa kazi yake juu ya vinasaba. Mwaka 1970 aliandika kwamba binadamu sasa anajua yuko peke yake katika ulimwengu mkubwa usiomjali, ambamo alijitokeza kwa bahati tu. Nilidhani jibu hili likifika kitandani litakuwa ukatili. Sivyo lilivyokuwa. Siku nilipomwambia dada waziwazi, "Hakuna aliyekulenga, dada. Hukukosa lolote. Ni karata," alilia sana, halafu kuanzia siku ile akaacha kuhesabu makosa. Jibu la pili linaondoa hatia kuliko yote, na wanaolikimbia kwa kuliogopa wanakosa dawa iliyomo. Tatizo ni kwamba likishaondoa hatia linanyamaza. Monod mwenyewe hakuishia hapo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa mpiganaji wa siri dhidi ya Wanazi, na alisema kinachobaki ni binadamu kuchagua thamani zake mwenyewe. Kwa maneno hayo alikuwa amekwisha kuvuka kwenda kwenye jibu la tatu. Sijapata kusoma habari za mtu aliyeishi ndani ya jibu la pili tupu bila kuvuka.

Jibu la tatu lilisemwa vizuri mwaka 1949 na George Gaylord Simpson, mtaalamu mwingine wa visukuku wa Marekani: mchakato uliomleta binadamu haukuwa na kusudi wala haukumfikiria, lakini yeye akishakuwepo anaweza kujiwekea makusudi na kuwajibika nayo. Kitandani linasema hivi: maana ya ugonjwa huu itakuwa ile utakayoifanya. Dada alilifuata bila kulijua jina. Alijiunga na wazazi wenzake wa kliniki, na leo anawasihi vijana wa mtaani wapime damu kabla ya kuoana. Ukiangalia kwa upana, tiba nzima ya selimundu ni jibu la tatu: uteuzi asilia ulituletea hiki, sisi tunakikataa. Mpwa wangu anameza dawa ya haidroksiurea kila siku. Mwishoni mwa mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya kwanza ya kuhariri vinasaba kwa wagonjwa wa selimundu, ingawa bei yake Marekani ni zaidi ya dola milioni 2, kwa hiyo kwetu bado ni habari ya kusoma tu.

Udhaifu wa jibu hili ni kwamba linataka nguvu. Usiku wa maumivu dada hana nguvu ya kutengeneza maana yoyote. Mtu aliyebeba ndoo kichwani huwezi kumwambia achimbe na kisima.

Jibu la nne linaanzia mahali pengine. Halimwambii mama atafute maana wala aitengeneze. Linatazama alivyo sasa hivi, amekaa kitandani, mguu umemfa ganzi na hataki kujisogeza mtoto asije akaamka. Linasema maana ndiyo hiyo, imekwisha kuwepo, na mageuko ndiyo yaliyoiweka. Darwin alilianza wazo hili mwaka 1871, aliposema dhamiri imechipuka kutoka kwenye silika za wanyama wanaoishi pamoja. Mwanaanthropolojia Sarah Hrdy amelipeleka mbele zaidi. Anasema watoto wa binadamu hukua taratibu mno na huhitaji chakula kingi mno kuweza kulelewa na mama peke yake, kwa hiyo tulivyo leo, hadi hii hamu yetu ya kusoma sura na nia za wenzetu, vimetokana na kulelewa na wengi. Ushahidi mmojawapo umetoka hapa nchini, kwa Wahadza wa Ziwa Eyasi. Kristen Hawkes na wenzake walipima kazi yao wakakuta mabibi wanachimba mizizi kwa bidii kuliko hata wasichana, na chakula chao ndicho kinachowabeba wajukuu mama akiwa na kichanga kingine. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Hrdy na Hawkes wanaongeza kwamba sisi tumekuwa binadamu kwa sababu ya ile mikono mingine.

Usiku ule wa vidole vilivyovimba, saa kumi alfajiri, mama yetu aliingia chumbani bila kuitwa. Alimpokea mtoto, akaanza kumpitishia kitambaa cha maji ya uvuguvugu kidole kimoja kimoja, akianzia kidole gumba, akiimba kwa sauti ya chini. Dada alilala palepale alipokaa. Nilisimama mlangoni. Nikiwaza mlolongo mrefu ule wa "kwa sababu" zisizo na "ili", nakumbuka kwamba pamoja na chembe zilizojipinda, ulimleta na yule bibi.

Kama tumetokea kwa bahati, je?

Nenda Mwaloni, Kirumba, asubuhi. Kati ya sangara na mafungu ya dagaa utawaona furu, samaki wa ukubwa wa kiganja ambao wengi wetu hatuwatazami mara mbili. Wanasayansi wa mageuko huja kutoka mbali kuwaona. Ziwa Victoria lilikauka, au lilikaribia kukauka, miaka 15,000 hivi iliyopita, na lilipojaa tena furu wakachipuka hadi kufika aina zipatazo 500. Wapo wa kukwangua ukoga mawe, wa kuvunja konokono, hata wa kula makinda ya wenzao. Kisha miaka ya 1950 na 1960 wakaletwa sangara, wakaongezeka kupita kiasi miaka ya 1980, na aina nyingi za furu zikatoweka. Hazikuwa na kasoro. Zilikutwa tu na jambo.

Gould aliandika mwaka 1989 kwamba historia yote ya uhai iko hivyo: ungerudisha mkanda nyuma ukauachia tena, karibu hakika binadamu tusingekuwemo. Simon Conway Morris wa Cambridge, aliyechunguza visukuku vilevile vya Burgess kule Kanada ambavyo Gould aliegemea, akapinga. Yeye anaonyesha jinsi uhai unavyofika mahali palepale kwa njia tofauti. Jicho la pweza na jicho letu yanafanana ingawa yalitokea mbalimbali. Na furu wenyewe wanamuunga mkono, kwa sababu ndugu zao wa Ziwa Tanganyika na wa Ziwa Nyasa wametoa maumbo yanayofanana ajabu bila kukutana. Conway Morris ni Mkristo, na ni rahisi kuona jinsi hoja yake inavyolipa jibu la kwanza nguvu: pengine kiumbe mwenye akili alikuwa anatarajiwa. Gould analisaidia la tatu: hakuna aliyetutarajia, kwa hiyo hakuna anayetudai, tuko huru.

Mimi naona mabishano haya yana uzito mkubwa kwa sayansi na mdogo kwa swali letu. Wangapi kati yetu tulizaliwa bila kupangwa? Mtoto ambaye mimba yake ilikuwa ya bahati hapendwi pungufu, wala hakuna anayemwambia kwamba kwa kuwa hakutarajiwa, maisha yake hayana maana. Tukiwa hatuwezi kumwambia hivyo mtoto mmoja, sioni kwa nini tuuambie hivyo ukoo mzima wa binadamu.

Wema, na mahali jibu langu linapovuja

Kabla ya yote, kuna kosa moja lazima lisemwe kwa jina lake. Wapo waliouchukua uteuzi asilia wakaugeuza kuwa amri: dhaifu aachwe, mwenye nguvu ndiye mwenye haki. Jimbo la Indiana huko Marekani lilipitisha mwaka 1907 sheria ya kuwafunga uzazi kwa lazima watu walioonekana hawafai, na Ujerumani ya Wanazi ikapitisha ya kwake mwaka 1933. Kwa mantiki hiyo mpwa wangu ndiye wa kwanza kuachwa. Hilo sikulihesabu kuwa jibu la tano. Ni kulichukua jambo lililotokea na kulifanya jambo linalopasa kutokea, na anayelihubiri kwa jina la Darwin anamsingizia.

Lakini kosa hilohilo linaninyemelea na mimi. Nimesema mageuko yametupa upendo. Yametupa na nini kingine? Gombe, Kigoma, kati ya mwaka 1974 na 1978, sokwe wa kundi la Kasakela waliwavizia madume wa kundi la Kahama mmoja baada ya mwingine mpaka wakawamaliza, na zamani walikuwa kundi moja. Frans de Waal, Mholanzi aliyechunguza tabia za sokwe, ameandika jinsi sokwe anavyomwendea mwenzake aliyepigwa akamkumbatia. Wote hao ni sokwe, na yote mawili yametokana na uteuzi uleule. Nikisema maana ya maisha imo kwenye tabia tuliyorithi, nani ananiambia nishike kumbatio niache mauaji? Mwanafalsafa Sharon Street mwaka 2006 aliliuliza swali hili kwa ukali zaidi: kama mageuko yamezisukuma hukumu zetu zote za wema na ubaya upande wa kuzaa na kunusurika, itakuwa ajabu ya bahati zikiangukia kwenye ukweli wa wema, kama ukweli huo uko nje yetu.

Hapa jibu la kwanza lina nguvu kuliko langu, na nalikiri. Lina kipimo kilicho nje ya sokwe na nje ya mtu. La tatu nalo linajibu kwa ujasiri kwamba tunaamua. Langu linaweza kutoa kitu kidogo tu, nacho ni cha Darwin. Alitoa mfano wa mbayuwayu, ndege ambaye msimu wa kuhama ukifika huweza kuwaacha makinda kiotoni wakafa. Angekuwa na kumbukumbu kama yetu, akifika mwisho wa safari angeteswa na taswira ya makinda yake wakifa kwa baridi na njaa. Sisi ni mbayuwayu tunaokumbuka. Ile hamu ya kuondoka huisha, mapenzi kwa kinda hayaishi, na majuto ndiyo yanayotuambia lipi kati ya mawili lilikuwa zito. Kwangu inatosha kuishi nayo. Kama kwako haitoshi, nakuelewa.

Basi uchague lipi

Kama unamwamini Mungu na unaogopa kwamba somo la baiolojia litakunyang'anya, chukua jibu la kwanza katika sura yake ya pili. Limebebwa na watu walioijua sayansi hii kwa undani, na hakuna jambo la kweli kuhusu mageuko litakalokulazimu ulitupe. Angalia tu usirudi kwenye sura ya kwanza siku ya msiba, maana ndimi za waombolezaji zitakuvuta huko.

Kama hatia inakutafuna, au umelelewa kwenye hofu ya kuadhibiwa, pita kwenye jibu la pili. Kaa humo siku chache, usafike, kisha uondoke. Kijana mwenye afya anayelisoma usiku peke yake na kulifanya makazi namsihi atafute mtu wa kuzungumza naye, kwa sababu lilivyo safi ndivyo lilivyo baridi.

La tatu ni la watu wenye kazi mikononi: muuguzi, mwanaharakati, mwalimu siku akiwa na nguvu. Usilitumie kumhukumu aliyechoka.

La nne ndilo langu. Linamfaa mtu asiyeweza kuanzia mbinguni wala hataki kuanzia patupu, na aliyezungukwa na watu. Kwa mtu mpweke kabisa ni jibu gumu, na hilo ni shimo jingine ndani yake ambalo sijaliziba. Linakaa vizuri pamoja na la tatu. Linakaa vizuri pia na la kwanza, kwa sababu aliyeona upendo ukichipuka kwenye udongo anaweza bado kuuliza nani aliutia udongo rutuba. Yasiyokaa pamoja ni la kwanza na la pili. Hapo lazima uchague.

Jumapili iliyopita nilimsomea dada haya yote. Mpwa wangu alikuwa sakafuni na chupa yake ya maji, ile anayotakiwa kuimaliza kila siku, akichora samaki. Dada alinisikiliza mpaka mwisho kama siku ile. Akasema, "Mdogo wangu, hilo la nne lako ni zuri mchana. Usiku mimi nasali. Ila siku hizi simuulizi tena kamletea ili iweje. Namwomba tu akeshe na mimi."